Aliye juu mngoje chini: Abiria mkorofi asiachwe aende zake

Wahenga waliposema aliye juu mngoje chini, ndege zilikuwa bado hazijaonekana katika anga zetu. Hata hivyo, sijapata methali inayofaa zaidi kwa jambo ninalotaka tuzungumze Jumapili hii, msomaji wangu. Jambo lenyewe ni abiria mkorofi: yule anayelewa chakari akiwa angani, anayewatusi wahudumu, anayemshika dada wa watu kiuno, anayekataa kufunga mkanda, au anayetaka kupigana na jirani yake kwa sababu ya kiti kilichoegemezwa nyuma.

Jinsi ya kumtuliza mtu kama huyo ndege ikiwa hewani ni somo ambalo wahudumu hufunzwa kabla ya kupewa sare. Linalosahauliwa ni kile kinachofuata magurudumu yakishagusa ardhi. Je, mhudumu aliyetukanwa anyamaze aende nyumbani? Aandike ripoti? Polisi waitwe? Mtu huyo apigwe marufuku kupanda ndege tena, na kama ni hivyo, nani aamue, na kwa muda gani?

Maoni yangu ni kwamba kazi ya wahudumu haimaliziki mlango wa ndege unapofunguliwa. Wakati huo huo, si kazi yao kuhukumu. Kazi yao ni kuhakikisha jambo limemfikia anayepaswa kuhukumu, na kazi ya mwajiri wao ni kusimama nao mpaka limfikie.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya matajiri pekee. Siku hizi ni nadra kupata mtaa wa Nairobi, uwe Umoja, Buru Buru au Kayole, usio na nyumba yenye mtoto anayesoma ng'ambo, mama anayefanya kazi katika nchi za Ghuba au mjomba aliyeenda kutibiwa India. Abiria ni sisi. Na wahudumu wale wenye tabasamu na mitandio shingoni ni mabinti na wana wetu, waliosoma shule zile zile na kulipiwa karo kwa shida zile zile.

HAKUNA KUSHUSHWA PANGANI

Katika matatu dawa ya mlevi ni rahisi. Makanga hugonga bodi, dereva akasimama, na bwana yule akashushwa Pangani aendelee na hotuba yake kando ya barabara. Futi 35,000 juu ya ardhi hakuna Pangani. Rubani akiamua kutua kabla ya kufika, huenda akalazimika kwanza kumwaga mafuta ili ndege ipungue uzito. Abiria mia mbili au tatu watachelewa, wengine wakose ndege za kuunganisha, harusi, mazishi na mitihani. Ndiyo maana wahudumu hujaribu kila njia ya upole kwanza: maneno laini, maji badala ya mvinyo, kuwahamisha watu viti, onyo la maandishi, na mwishowe kabisa pingu za plastiki.

Pombe huwa na mkono mkubwa katika visa hivi. Hewa ndani ya ndege hushinikizwa iwe kama ya mahali palipo kati ya futi 6,000 na 8,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Nairobi hiyo ni kama kupanda Limuru, lakini kwa mtu aliyetoka Mombasa au Dubai ni kupandishwa mlima ghafla. Ongeza uchovu, hofu ya kuruka na chupa iliyonunuliwa dukani uwanjani, na mtu mpole hugeuka simba.

Shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO, limegawanya ukorofi huu katika ngazi nne. Ya kwanza ni maneno na ukaidi. Ya pili ni kupiga au kushika watu. Ya tatu ni kuhatarisha maisha, na ya nne ni kujaribu kuingia chumba cha marubani. Nayo IATA, ambayo ni chama cha mashirika ya ndege duniani, ilihesabu kisa kimoja kwa kila safari 568 mwaka 2022. Mwaka 2023 kikawa kisa kimoja kwa kila safari 480. Ukikumbuka ni ndege ngapi zinazoruka kila siku, utaona kwamba hatuzungumzii kioja cha mara moja kwa mwaka.

"ASANTE, KARIBU TENA"

Nimewahi kushuhudia kisa kimoja mwenyewe, katika ndege ya usiku kutoka Dubai kuja Nairobi. Safari hiyo huchukua saa tano hivi. Shirika nitaliacha bila jina.

Safu tatu mbele yangu aliketi bwana wa makamo, suti safi, tai ya hariri. Chakula kilipokwisha alitoa chupa yake ya wiski mfukoni mwa dukani akaanza kujimiminia. Mhudumu, binti wa Kikenya ambaye nadhani hakuwa ametimiza miaka 25, alimweleza kwa heshima kwamba hairuhusiwi kunywa kileo ulichobeba mwenyewe. Bwana yule alimtazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ni yaya tu wa angani," akamwambia. "Nenda ukaoshe vikombe."

Alipojaribu kuichukua chupa, alimkamata kifundo cha mkono akakipinda, na kwa mkono wa pili akaisukuma sinia aliyokuwa ameishika. Chai ya moto ikamwagikia mkono wa binti. Mtoto aliyekuwa amelala kando akaamka akilia. Wahudumu wawili wanaume walikuja, wakazungumza na bwana yule muda mrefu, wakamhamisha hadi nyuma, na kabla hatujafika anga ya Somalia alikuwa akikoroma.

Alfajiri tulitua. Nilitarajia kuona polisi wakipanda ngazi. Hakuna aliyepanda. Bwana alirekebisha tai yake akajiunga na foleni kama sisi wengine. Mlangoni alisimama binti yule yule, mkono umefungwa bendeji, akitoa salamu aliyofunzwa: "Asante kwa kusafiri nasi. Karibu tena." Bwana alipita bila kumtazama. Nje, jamaa zake walikuwa wakimsubiri na maua, na msichana mdogo aliyevaa gauni la Jumapili akamrukia shingoni.

Binti nilimkuta baadaye akingoja gari la wafanyakazi. Nilimpa pole, kisha nikamwuliza mbona hakuita polisi.

"Dada yangu," akanijibu, "nikimshtaki leo, kesho usiku niko kazini. Kesi ikitajwa nitakuwa Johannesburg. Ikitajwa tena nitakuwa Mumbai. Hakimu ataambiwa shahidi hayupo, mara moja, mara mbili, halafu ataitupilia mbali. Na siku nitakayokaa kortini hakuna atakayenilipa posho ya safari. Kuna mwenzetu aliyejaribu. Aliitwa ofisini akaambiwa anafukuza wateja."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitapaka dawa, nifue sare."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Kwa hesabu yake binti hakukosea hata kidogo. Alikuwa amepima gharama ya kutafuta haki akaona ni kubwa kuliko mshahara wake. Lakini ukiigeuza hesabu hiyo, utaona alichojifunza bwana wa tai ya hariri: kwamba angani unaweza kumwunguza mtu na chini ukapokewa kwa maua.

SHERIA IPO

Watu wengi hudhani kwamba angani hakuna sheria kwa sababu hakuna nchi. Si kweli. Mwaka 1963 mataifa yalikutana Tokyo, Japani, yakaweka mkataba kuhusu makosa yanayotendwa ndani ya ndege, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoukubali. Kwa mkataba huo, nchi ambamo ndege imesajiliwa ndiyo yenye mamlaka juu ya kosa. Ukiona ndege yenye alama ya 5Y ubavuni, jua imesajiliwa Kenya, na sheria ya Kenya inasafiri nayo hata ikiwa juu ya bahari.

Mkataba huo unampa rubani mkuu uwezo mkubwa tangu milango yote inapofungwa baada ya abiria kupanda hadi mmoja wao unapofunguliwa washuke. Anaweza kuamuru mtu afungwe. Anaweza kumteremsha mahali ndege inapotua. Na ikiwa kosa ni zito, anaweza kumkabidhi kwa wakuu wa nchi hiyo pamoja na ushahidi. Wahudumu lazima wamsaidie akiwaagiza. Abiria anaweza kuwaomba msaada, lakini hawezi kuwalazimisha. Na wote waliotenda kulingana na mkataba huo hawawezi kushtakiwa kwa kumzuia mkorofi.

Basi tatizo liko wapi? Liko chini. Tuseme ndege imesajiliwa Ulaya na mlevi amempiga mtu juu ya Sudan, halafu ndege ikatua nchi ya tatu. Polisi wa hapo wanakuja, wanasikiliza, wanakuna vichwa: kosa halikutendwa kwao wala ndege si yao. Wanamwachilia. Mwanya huo ndio ulioshughulikiwa na itifaki iliyoafikiwa Montreal, Kanada, mwaka 2014. Itifaki hiyo inaipa mamlaka pia nchi ambamo ndege imetua na nchi ya shirika linaloiendesha. Ilianza kufanya kazi Januari 1, 2020, baada ya Nigeria kuwa nchi ya 22 kuiridhia. Inazifunga tu nchi zilizoiridhia, kwa hiyo kila serikali ambayo haijatia sahihi inamwachia mlevi mlango wa nyuma.

KALAMU KABLA YA SIMU YA NYUMBANI

Haya, wahudumu wafanye nini? Kwanza, rubani awasiliane na uwanja mapema, kabla ya kutua, ili polisi wawe mlangoni ndege inapofunguliwa. Abiria akishafika kwenye ukanda wa mizigo amekuwa mtu mwingine kabisa, tena ana mawakili.

Pili, ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kupiga simu nyumbani. Iwe na saa, nambari ya kiti, maneno yaliyotamkwa jinsi yalivyotamkwa, kiasi cha kileo alichopewa, onyo alilopewa na nani alilisikia. Majina na simu za abiria wawili au watatu walioona yachukuliwe kabla hawajatawanyika. Jeraha lipigwe picha na daktari aliandike. Chupa ihifadhiwe. Kesi nyingi hufa kwa kukosa vitu vidogo kama hivi.

Tatu, na hapa ndipo mwajiri anapoingia, siku za kortini zihesabiwe kuwa siku za kazi. Posho ilipwe, ratiba ya safari ipangwe kufuata tarehe ya kesi, na wakili wa kampuni aketi na mhudumu. Shirika linalonunua injini ya mamilioni ya dola haliwezi kushindwa na nauli ya shahidi kwenda kortini.

Kama unadhani ripoti ni karatasi tu, tazama yaliyolipata shirika la Air India. Novemba 26, 2022, katika ndege yake kutoka New York kwenda Delhi, mama wa umri wa zaidi ya miaka 70 alilalamika kwamba abiria mlevi alimkojolea kitini mwake. Kulingana na malalamiko yake, wahudumu walimleta mtu huyo mbele yake aombe msamaha, ingawa mama alikuwa amesema hataki kumwona. Ndege ilitua, mtu akaenda zake. Wiki zilipita kabla ya polisi kuingilia. Mwezi Januari 2023 habari zilipofichuka, mshtakiwa alikamatwa Bengaluru, na mbele ya mahakama akakana. Lakini adhabu ya serikali haikumsubiri: shirika lilitozwa faini ya rupia milioni 3 na rubani mkuu akasimamishwa leseni miezi mitatu, kwa sababu jambo halikushughulikiwa wala kuripotiwa ipasavyo.

Nataka uone jambo moja hapo. Kuwapatanisha watu ni desturi yetu, na mara nyingi ni desturi njema. Lakini mhudumu si mzee wa baraza. Hana haki ya kutoa msamaha kwa niaba ya aliyekosewa.

WAHESHIMIWA NAO

Mtihani mgumu zaidi huja mkorofi akiwa mkubwa. Desemba 5, 2014, katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, makamu wa rais wa shirika la Korean Air, ambaye pia alikuwa binti wa mwenyekiti wake, alikasirika kwa kuletewa njugu zikiwa katika pakiti badala ya kisahani. Aliilazimisha ndege iliyokuwa imeanza kuondoka irudi, ili mkuu wa wahudumu, Park Chang-jin, ateremshwe. Kilichofuata chini kilikuwa kibaya kuliko njugu. Bwana Park alieleza hadharani kwamba watu wa kampuni walimshinikiza awadanganye wachunguzi. Alikataa. Februari 2015 mahakama ya Seoul ilimhukumu mama huyo kifungo cha mwaka mmoja, na mwezi Mei mahakama ya rufaa ikapunguza adhabu na kumwachilia kwa kifungo cha nje.

India nao walikuwa na mheshimiwa wao. Machi 2017 mbunge mmoja alijigamba mbele ya waandishi wa habari kwamba alimpiga mfanyakazi wa ndege kwa ndara mara 25, kisa na maana hakupata kiti cha daraja la juu. Mashirika ya huko yaliungana, kila mahali akikata tiketi inafutwa. Baada ya wiki mbili hivi, na barua ya kueleza masikitiko yake, akarudishiwa ruhusa.

Sihitaji kukueleza, msomaji, kwa nini visa hivi viwili vinanifanya nifikirie nyumbani. Sote tunalijua lile swali: "Unajua mimi ni nani?" Mhudumu wa Nairobi anapolisikia, huwaza mkopo wa nyumba na karo ya ndugu zake. Ndiyo maana uamuzi wa kuripoti usiachwe uwe ushujaa wa mtu mmoja. Uwe sheria ya kampuni, kwamba ngazi ya pili kwenda juu ni ripoti na polisi, awe mchuuzi au waziri.

MARUFUKU YAWE NA MIZANI

Baada ya polisi linakuja swali la marufuku. Marekani, ambako mwaka 2021 visa karibu 6,000 viliripotiwa kwa mamlaka ya anga, vingi vikihusu watu waliokataa kuvaa barakoa wakati wa korona, shirika la Delta lilikuwa limewafungia watu karibu 1,900 kufikia Februari 2022. Mkuu wake alimwandikia Mwanasheria Mkuu akitaka waliohukumiwa mahakamani wawekwe katika orodha moja ya taifa, wasipande ndege ya shirika lolote. Maseneta wanane walipinga. Miezi miwili baadaye amri ya barakoa ilibatilishwa na mahakama, na Delta ikaanza kuwarudisha baadhi ya waliofungiwa.

Mimi natambua hasira ya mashirika, lakini naogopa orodha isiyo na mlango wa kutokea. Kumbuka kisa cha Chicago, Aprili 9, 2017. Shirika la United lilihitaji viti vinne vya wafanyakazi wake, na daktari mmoja wa miaka 69 aliyekuwa amelipa nauli na kuketi akakataa kushuka. Maafisa wa usalama wa uwanja walimburura mpaka akavunjika pua na kupoteza meno mawili. Mkuu wa shirika alipowaandikia wafanyakazi wake, alimwita mtu huyo mkorofi na mgomvi. Dunia ilipoona picha, ikabidi aombe radhi. Bila simu za abiria wenzake, huenda mzee huyo angekuwa katika orodha ya watu wabaya hadi leo.

Kwa hivyo mizani inahitajika, na India, baada ya ndara za mheshimiwa, iliweka mfano Septemba 2017. Maneno na ishara mbaya: marufuku hadi miezi mitatu. Kupiga au kushika watu: hadi miezi sita. Kuhatarisha maisha: miaka miwili au zaidi. Jambo zuri ni kwamba rubani au mhudumu haamui. Yeye analeta ripoti, na kamati inayoongozwa na jaji mstaafu, ikiwa pia na mwakilishi wa shirika lingine na wa abiria, inaamua kwa siku 30. Asiyeridhika anakata rufaa.

Mfano huo unatufaa. Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusikizwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu majina ya watu kupitishwa ovyo kutoka ofisi hadi ofisi. Shirika liwe na uwezo wa kumfungia mkorofi, lakini apewe barua, sababu, tarehe ya mwisho na mahali pa kulalamika.

Wengine wameona afadhali mfuko. Mwaka 2019 mahakama ya Kanada ilimwamuru mlevi aliyesababisha ndege ya kwenda London irudi Calgary alipe zaidi ya dola 21,000 za nchi hiyo kwa mafuta yaliyomwagwa. Januari 2025 shirika la Ryanair lilimshtaki abiria huko Ireland likidai euro 15,000 kwa safari iliyokatizwa. Sina neno na fidia, mradi hakimu aikadirie. Lakini mafuta yakilipwa na mkono wa binti aliyeungua usahauliwe, hatujasonga mbele.

MGONJWA SI MKOROFI

Kuna abiria mwingine ambaye lazima tumtenge na hawa. Wazazi watakumbuka Desemba 29, 2000. Ndege ya British Airways ilikuwa ikitoka Gatwick, London, kuja Nairobi, karibu watu 400 ndani, wengi wakija kwa mwaka mpya. Ilipokuwa juu ya Sudan, kijana mmoja aliingia chumba cha marubani akashika usukani. Ndege ilipiga mbizi kuelekea ardhini. Marubani, kwa msaada wa abiria, walimshinda nguvu, ndege ikanyooshwa, na asubuhi wote wakashuka Nairobi wakiwa hai. Siku hizo milango ya marubani haikuwa ikifungwa kama sasa. Imeimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001.

Kijana yule hakuwa gaidi wala mlevi. Alikuwa mgonjwa wa akili, akiamini kuna watu wanaomfuata wamdhuru. Kwa ngazi za ICAO, kosa lake ni la nne, la juu kabisa. Kwa haki, alihitaji daktari.

Hapa ripoti ya mhudumu ina uzito kuliko pengine popote. Aandike alichokiona na kusikia: "Alisema anafuatwa. Alibadilisha kiti mara tatu. Hakuwa amekunywa." Asiandike "mwendawazimu" wala "mhalifu". Maneno hayo machache ndiyo yanayoweza kumpeleka mtu hospitalini badala ya rumande. Jamii nazo zina wajibu. Mwanao akiwa ng'ambo na sauti yake kwenye simu imebadilika, hasinzii, anashuku kila mtu, usimwambie tu "rudi nyumbani". Tafuta mtu wa kusafiri naye, hakikisha dawa ziko mkoba wa mkononi, na shirika la ndege lielezwe mapema.

NA WEWE, MSOMAJI?

Tumezoea kuwa watazamaji. Katika matatu mwanamke akitukanwa, tunatazama dirishani. Ndani ya ndege ni vivyo hivyo, tunajifunika blanketi. Siku utakapoona jambo, huhitaji kupigana na mtu. Mhudumu akipita, mwambie kwa sauti ya chini: "Dada, nimeona yote. Jina langu na simu yangu hii hapa." Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Mkorofi anaweza kumsuta mhudumu mmoja kuwa mwongo, lakini hawezi kuisuta safu nzima ya viti.

Chupa ya dukani ibaki imefungwa mpaka nyumbani. Mwambie hivyo pia mjomba anayesafiri mara ya kwanza, kwa sababu wengi hawajui ni kosa.

Na nyinyi vijana mnaosomea kazi za ndege katika vyuo vyetu vya mjini, nina ombi kwenu. Mnafunzwa kutembea, kutabasamu na kutoa mikanda ya kujiokolea. Siku mtakapoketi mbele ya meza ya mahojiano na kuulizwa kama mna swali, msitikise vichwa. Ulizeni hili: "Abiria akinipiga, nani atakwenda nami kituoni, na siku zangu za kortini zitalipwa na nani?" Ombeni jibu kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi mkataba. Mkiuliza wengi, mashirika yatalazimika kuwa na jibu.